Namna ya Kupanga na Kuendesha Darasa la Kwanza Lenye Watoto 80

Kiwango rasmi katika shule za msingi za Tanzania Bara ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Hata hivyo, mwalimu wa Darasa la Kwanza katika shule nyingi za serikali, hasa za mijini na za pembezoni mwa miji, hukiona kiwango hicho kwenye karatasi zaidi kuliko chumbani mwake. Tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa, wazazi waliitikia kwa wingi, na watoto waliandikishwa kwa kasi kuliko vyumba vilivyojengwa. Mwongozo huu unamhusu mwalimu huyo, na umechukua watoto 80 kuwa mfano ili hesabu zifuatwe kwa urahisi. Mwenye watoto 60 au 110 atabadilisha namba, lakini utaratibu utabaki uleule.

Katika darasa la ukubwa huo, chanzo kikuu cha fujo si utundu bali kusubiri. Mtoto wa miaka sita au saba anayesubiri penseli, anayesubiri jina lake liitwe au anayesubiri daftari lake lisahihishwe hawezi kukaa bila kushika kitu, na kilicho karibu naye zaidi ni mwenzake. Kwa sababu hiyo, kila hatua inayoelezwa hapa imepimwa kwa swali moja: je, inapunguza muda ambao watoto wanakaa bila kazi?

Hatua ya kwanza: chumba na madawati

Anza siku chache kabla shule haijafunguliwa, chumba kikiwa kitupu. Dawati la kawaida la shule zetu linakaliwa na watoto watatu, hivyo watoto 80 wanahitaji madawati 27. Yapange katika safu tatu, kila safu madawati tisa, kisha zipe safu majina A, B na C kuanzia upande wa mlango. Acha njia mbili kati ya safu, na kila njia iwe na upana wa kukuwezesha kupita na kuinama bila kugusa mtu. Usiibane safu ya pembeni hadi ukutani kwa kutamani njia pana katikati, kwa sababu mtoto anayekaa ukutani hataweza kutoka mpaka wenzake wawili wasimame, na atakapohitaji kwenda chooni nusu ya safu itajua.

Kisha fanya jambo ambalo walimu wengi hulisahau: andika ubaoni maneno machache kwa ukubwa unaokusudia kuutumia, nenda ukakae kwenye dawati la mwisho la kila safu, ukijishusha hadi macho yawe katika kimo cha mtoto, na uyasome. Utaona mahali ambapo mwanga wa dirisha unaufanya ubao ung'ae na usisomeke, na utaona ni sehemu gani ya chini ya ubao inayofichwa na vichwa vya walio mbele. Sehemu hiyo ya chini usiiandikie kitu chochote cha kunakiliwa mwaka mzima.

Pale ambapo madawati hayatoshi, wapo watakaokaa sakafuni, na hilo lisifichwe wala lisiachwe kwa bahati. Chora mistari ya chaki sakafuni kuonyesha mahali pa kila kundi la watoto watatu, tandika mkeka au kiroba kilichofuliwa, na uweke zamu ya kukaa chini inayozunguka safu kwa safu kila wiki. Ukiliacha liamuliwe na nani amewahi asubuhi, watakaokaa chini kila siku ni wale wanaotoka mbali.

Hatua ya pili: kuwakalisha watoto

Kimo huja kwanza: wafupi mbele, warefu nyuma. Baada ya kimo huja macho na masikio. Mtoto anayekunja uso akitazama ubao, au anayeitikia tu anapokutazama mdomo, akae dawati la kwanza au la pili hata kama ni mrefu, lakini awekwe mwisho wa dawati asiwazibe wa nyuma. Anayeandika kwa mkono wa kushoto akae ncha ya kushoto ya dawati, vinginevyo kiwiko chake na cha jirani vitagongana kila mstari, na ugomvi huo utauona kama utovu wa nidhamu ilhali ni suala la nafasi. Usimlazimishe kubadilisha mkono.

Changanya wavulana na wasichana, na changanya wanaojua kusoma silabi na wasiozijua. Ipo desturi ya kuwakusanya wanaochelewa kuelewa katika kona moja ili “washughulikiwe pamoja”. Kwa uzoefu wa wengi, kona hiyo hushughulikiwa wiki mbili, halafu husahauliwa, na watoto wote hujua inaitwaje. Dawati lenye mchanganyiko lina faida nyingine: mtoto asiyeelewa maelekezo ana mtu wa kumtazama papo hapo.

Kila dawati liwe kikundi kimoja, na kila kikundi kiwe na kiongozi anayebadilika kila wiki, ili wote watatu wapate zamu. Dawati la mwisho katika hesabu yetu lina watoto wawili tu. Nafasi ya tatu iache wazi, kwa maana hapo ndipo utakapoketi wewe unapomsaidia mtoto mmoja mmoja huku ukiwaona wengine 79 kutoka nyuma, pembe ambayo wao hawaitegemei.

Chora ramani ya kuketi kwenye karatasi moja: visanduku 27, ndani ya kila kisanduku majina matatu pamoja na namba zao za kwenye daftari la mahudhurio. Juu ya kila daftari la mtoto andika alama ya dawati lake, kwa mfano B4, yaani safu ya B, dawati la nne. Alama hiyo ni ya watoto, si ya mbao za dawati. Kila mwisho wa mwezi safu huhama kwa kuzunguka, A ikienda mahali pa B, B mahali pa C, na C ikirudi upande wa mlango, ili asiwepo anayeutazama ubao kwa pembeni mwaka mzima, huku kila mtoto akibaki na alama yake.

Hatua ya tatu: wiki mbili za kufundisha utaratibu

Mwalimu mgeni hutamani kuanza na irabu siku ya kwanza. Anayejua darasa kubwa hutumia sehemu nzuri ya wiki mbili za mwanzo kufundisha mambo sita: kuingia, kukaa, kunyamaza kwa ishara, kunyoosha mkono, kugawa na kukusanya vitu, na kwenda chooni. Mambo haya yanafundishwa kama somo lolote, yaani mwalimu anaonyesha, kikundi kimoja kinajaribu, wengine wanatazama, kisha wote wanafanya na kurudia. Kuyatamka tu hakutoshi. Mtoto aliyeambiwa “muingie kwa utaratibu” hajui utaratibu ni nini. Aliyefanyishwa kuingia safu A kwanza, kisha B, kisha C, anaujua.

Ishara ya kunyamaza isitegemee koo lako. Piga makofi kwa mpigo fulani, watoto waujibu kwa mpigo uleule, mikono yao itue mezani, halafu uzungumze kwa sauti ya kawaida. Kanuni yake ni ngumu zaidi kwa mwalimu kuliko kwa watoto: usianze kusema hata neno moja kabla kimya hakijapatikana. Ukizungumza juu ya kelele mara moja tu, wamejifunza kwamba ishara ile haina maana.

Kunyoosha mkono kunataka uangalifu wake. Watoto wetu huinuka nusu, wakialisha vidole na kuita “Mwalimu, mimi! Mwalimu, mimi!”, na mwalimu aliyechoka humchagua aliyeita kwa nguvu zaidi ili yaishe. Tangu siku hiyo darasa zima litaita. Mchague daima aliyenyamaza na mkono wake uko juu, na useme kwa nini umemchagua. Vilevile weka mazoea ya kuuliza swali, kuhesabu kimoyomoyo hadi tano, halafu kutaja alama ya dawati. Watoto wa dawati hilo wanashauriana kwa kunong'ona kisha mmoja anajibu. Kwa njia hii watoto 80 wote wanalazimika kufikiri, kwa kuwa hawajui ni dawati lipi litatajwa.

Hatua ya nne: mahudhurio

Ukiita majina 80 na kila jina likachukua sekunde nne, umetumia zaidi ya dakika tano. Kwa siku tano za wiki zinakaribia dakika 27, karibu kipindi kizima cha Darasa la Kwanza, na katika muda huo kila mtoto amekuwa na kazi kwa sekunde nne tu.

Badala yake, kabla watoto hawajaingia, andika ubaoni kazi fupi ya kuanzia, kama vile kunakili silabi tano au kuchora vitu saba. Wanapoifanya, pita na ramani ya kuketi mkononi na uweke alama penye nafasi iliyo wazi. Kiongozi wa dawati anakwambia ni nani hayupo, nawe unahakikisha kwa macho, kwa sababu mtoto wa miaka sita anaweza kukwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba mwenzake “yupo” akimaanisha yupo nyumbani. Baadaye, wakati wa mapumziko, hamishia alama hizo kwenye daftari la mahudhurio. Mara moja kwa wiki, tuseme Jumatatu, ita majina yote kwa sauti, kwa kuwa watoto hupenda kusikia majina yao, na wewe unajipima kama umeshayajua.

Hatua ya tano: kugawa na kukusanya

Hapa ndipo vipindi vingi hupotelea, na hapa ndipo mpangilio wa madawati unapolipa gharama yake. Kukusanya madaftari kuanzie nyuma: dawati la tisa linaweka matatu yake pamoja na kupitisha mbele, dawati la nane linaongeza yake juu, vivyo hivyo hadi dawati la kwanza. Unapokea marundo matatu, mawili ya madaftari 27 na moja la 26. Ukiyasahihisha bila kuvuruga mpangilio, kugawa ni kinyume chake: dawati la kwanza linachukua matatu ya juu na kupitisha yaliyobaki nyuma. Hakuna jina linaloitwa, hakuna mtoto anayesimama. Darasa lililofanyishwa mazoezi kwa wiki moja hulimaliza jambo hili kwa muda mfupi kuliko kufuta ubao.

Vifaa vya kuhesabia navyo vikae kwa madawati. Kila dawati liwe na chombo chake, kwa mfano chupa ya maji iliyokatwa shingo, yenye vizibo vya soda 30 na vijiti kadhaa. Kwa madawati 27 utahitaji vizibo 810, idadi inayotisha ikisemwa, lakini muuza soda mmoja jirani na shule akiombwa kuvitunza ataikusanya bila shida. Gonga kingo za vizibo kwa jiwe zilale, zisikwaruze vidole, na uviringishe kingo za chupa kwa moto au uzizungushie gundi ya karatasi. Vijiti vifungwe kumi kumi kwa uzi, kwani vitakusaidia baadaye kwenye makumi na mamoja. Kiongozi wa dawati anahesabu vizibo kabla ya kurudisha chombo, na hesabu hiyo yenyewe ni zoezi.

Penseli zina tatizo lake. Mtoto ambaye penseli yake imevunjika huazima, hulia, au hutoa wembe kwenye mfuko wa shati. Nyembe zipigwe marufuku tangu siku ya kwanza na wazazi waelezwe sababu. Weka kopo la penseli zilizochongwa mezani pako: aliyevunjikiwa analeta butu, anachukua kali, anarudi kukaa. Zile butu zichongwe kwa kichongeo baada ya masomo na kundi la zamu. Penseli moja ndefu iliyokatwa katikati hutosha watoto wawili na huingia vizuri katika mkono mdogo.

Hatua ya sita: ndani ya dakika 30

Kipindi cha Darasa la Kwanza ni dakika 30, nazo hazivumilii maelezo marefu. Gawanya hivi kwa kukadiria: dakika tano za kukumbusha la jana kwa wimbo au maswali ya haraka, dakika nane za kuonyesha jambo jipya, dakika tano za kulifanya pamoja kwa madawati, dakika kumi za kazi ya mtu mmoja mmoja, na mbili za kukusanya. Ukizidisha sehemu ya pili, watoto wa nyuma wameshaondoka kimawazo.

Jambo la kuamua mapema ni nini atafanya anayemaliza kwanza, kwa maana katika watoto 80 wapo wanaomaliza kabla wengine hawajaandika tarehe. Kona moja ya ubao iandikwe kazi ya nyongeza kila kipindi: maneno ya kusoma kimya, sanduku la maumbo ya kuchora, au hesabu ya kutunga kwa vizibo. Isihitaji maelezo mapya wala isisahihishwe. Ukikosa kazi hiyo, wa kwanza kumaliza atakuletea daftari mezani, wa pili atamfuata, na baada ya dakika tatu meza yako itakuwa imezungukwa na watoto 30 wanaosukumana. Kwa hiyo iwe kanuni: mtoto haendi kwa mwalimu, mwalimu ndiye anayeenda kwa mtoto.

Kusahihisha kunataka ukweli. Daftari moja likichukua sekunde 45, madaftari 80 ni saa nzima kwa somo moja, na Darasa la Kwanza lina Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mpango unaowezekana ni huu: kila siku safu moja inasahihishwa kwa kina, kosa kwa kosa, kazi ya dakika 20 hivi, na safu mbili zilizobaki zinasahihishwa kwa kupita kati ya madawati na kalamu nyekundu wakati watoto bado wanaandika. Hivyo kila mtoto anasomwa kwa makini kila baada ya siku tatu. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakiuliza, waonyeshe ratiba hiyo ikiwa imebandikwa ukutani, kwa kuwa ratiba inayoonekana hueleweka haraka kuliko maelezo ya mdomo.

Hatua ya saba: viranja, orodha ya wapiga kelele, na fimbo

Karibu kila aliyesoma shule ya msingi nchini anakumbuka karatasi ya wapiga kelele: mwalimu anatoka, kiranja anabaki na kalamu, mwalimu anarudi, majina yanasomwa, wahusika wanaadhibiwa. Utaratibu huu uachwe kabisa katika Darasa la Kwanza. Kiranja wa miaka saba huandika aliokosana nao na huwafuta waliompa ubuyu, na watoto wote wanajua bei ya kufutwa. Zaidi ya hayo, orodha inamfundisha mwalimu kwamba anaweza kutoka na kuacha darasa bila kazi. Ukilazimika kutoka, acha kazi ubaoni, mwombe mwalimu wa darasa la jirani atupe jicho, na ukirudi uliza kazi imefika wapi kabla ya kuuliza nani alipiga kelele. Viranja wapewe kazi za vitu badala ya kazi za watu: kufuta ubao, kufungua madirisha, kujaza maji, kugawa vizibo.

Kuhusu fimbo, kila mwalimu anapaswa kujua kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasemaje: inatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, haizidi viboko vinne, msichana huchapwa na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina, na kila adhabu huandikwa katika kitabu. Mwalimu anayetembea na fimbo mkononi kutoka dawati hadi dawati, akigonga vidole na vichwa, yuko nje ya kanuni hizo. Tukiacha sheria kando, fimbo haipangi darasa. Inanyamazisha sekunde chache, na inawafanya watoto waogope kunyoosha mkono, jambo ambalo mwalimu wa kusoma hawezi kulimudu.

Hatua za kufuata ni ndogo na zina mpangilio. Kwanza mtazame mtoto bila kukatiza somo. Asipoacha, sogea usimame karibu na dawati lake ukiendelea kufundisha. Bado? Weka kidole juu ya daftari lake pale anapotakiwa kuwa. Baadaye, mhamishe kiti kwa kipindi hicho, na mwisho wa kipindi zungumza naye peke yake, kwa sauti ndogo, ukimwuliza kwanza kama amekula. Usiliadhibu dawati zima kwa kosa la mmoja, na usitumie kufagia kama adhabu, la sivyo usafi utakuwa aibu na zamu zitakataliwa.

Hatua ya nane: kuta, maji na choo

Walimu wetu hupenda kusema darasa linapaswa kuongea, yaani kuta zifundishe. Silabi, namba 1 hadi 100, majina ya siku na picha za vitu vya kijijini au mtaani viandikwe kwa herufi kubwa kwenye manila, au kwenye viroba vya salfeti vilivyofunguliwa na kufuliwa, ambavyo hudumu zaidi na havichaniki kwa upepo. Vitundikwe katika kimo cha macho ya watoto, si juu karibu na dari. Chumba kinachotumiwa na zamu mbili, au kisicho na mlango unaofungwa, kinahitaji zana zinazoning'inizwa kwa kamba na kuondolewa: kamba mbili ukutani, vibanio vya nguo, na sanduku moja la kufuli katika ofisi ya walimu. Chati ambayo haijatajwa katika somo lolote kwa mwezi mzima iondolewe ipishe nyingine.

Karibu na mlango tundika vijiti viwili vya rangi tofauti, kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana. Anayekwenda chooni anachukua kijiti, na asiyekiona anajua mwenzake hajarudi. Katika wiki za mwanzo usimkatalie yeyote, hata ukihisi anatembea tu, kwa sababu gharama ya kukosea ni mtoto aliyejikojolea mbele ya wenzake, naye anaweza kukataa shule kesho yake. Nje ya mlango wekeni kibuyu chirizi, yaani chombo cha maji ya kunawa mikono, na sabuni. Maji yake yajazwe asubuhi na safu ya zamu, na safu hiyohiyo ndiyo inayonyunyizia sakafu maji kabla ya kufagia ili vumbi lisiwaingie watoto kifuani. Wavulana washike mifagio sawasawa na wasichana.

Hatua ya tisa: wanaoingia baadaye

Darasa la Kwanza halijazi siku moja. Watoto huendelea kuletwa Februari na hata Machi, wengine wakiwa wamehamia mtaani, wengine wakiwa wamecheleweshwa na sare. Anayeletwa apewe mambo matatu kabla hajakaa: namba katika daftari la mahudhurio, alama ya dawati juu ya daftari lake, na kiongozi wa dawati wa kumwonyesha makofi ya kunyamaza, kijiti cha choo na upitishaji wa madaftari. Wa kwanza kufika atachukua ile nafasi iliyokuwa wazi, nawe utahamia kwenye kigoda. Wa pili na wa tatu wataongezwa kwenye madawati ya mbele, ambako watoto ni wadogo na wanne wanaenea, na marundo ya madaftari yatahesabiwa upya siku hiyohiyo. Idadi ikizidi hapo, mpelekee mwalimu mkuu ramani ya kuketi yenyewe, ikiwa na visanduku vyake vilivyojaa, aipeleke kwenye kamati ya shule pamoja na ombi la madawati.